Kuingiza Roboti Nyumbani na Kazini: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kuiwasha

Roboti zinazoingia katika maisha yetu ya kila siku hazifanani na zile za sinema. Nyingi ni chombo cha duara kinachozunguka sebuleni kikifyonza vumbi, mkono wa chuma unaopanga katoni kiwandani, kidude cha mezani kinachozungumza na watoto, au ndege isiyo na rubani inayobeba kifurushi kidogo. Hapa Uganda tumekwisha kuziona zikifanya kazi ya maana. Mwaka 2021 ndege zisizo na rubani zilianza kutumika katika visiwa vya Ssese, wilayani Kalangala, kuwafikishia dawa watu wanaoishi na VVU walio mbali na vituo vya afya, na shirika la Fundi Bots, lililoanzishwa mwaka 2011, huwafundisha wanafunzi wa shule kuunda roboti kwa mikono yao wenyewe. Mwongozo huu, hata hivyo, unamlenga zaidi mtu ambaye roboti imemfikia kwa njia ya kawaida: aliyeletewa na ndugu anayeishi ng'ambo, aliyeagiza mtandaoni, au mwenye karakana anayefikiria kununua mashine moja iliyokwisha kutumika.

Hofu inayosikika zaidi barazani ni kwamba siku moja roboti zitatugeuka. Kwa maoni yangu hofu hiyo inatupotezea muda, kwa sababu madhara yaliyokwisha kutokea yana chanzo kingine kabisa: roboti ilifanya kile ilichopangiwa, lakini mahali ambapo aliyeipanga hakupafahamu. Mhandisi aliyeibuni hakuwa na sigiri yenye makaa kwenye baraza, hakuwa na chandarua kinachoburuta sakafuni, wala hakuwahi kuishi katika nyumba ambayo umeme hukatika jioni na kurudi usiku wa manane. Kazi ya kuioanisha mashine na nyumba yako ni ya kwako, na kazi hiyo hufanyika kabla ya kuiwasha. Kanuni ya kwanza, ambayo nitairudia, ni kutokuwasha roboti yoyote ambayo bado hujui kuizima.

Kupima kama unaihitaji

Anza na kazi, usianze na chombo. Nyumba kubwa yenye sakafu ya vigae, fanicha chache na vizingiti vifupi hunufaika na roboti ya kufagia, hasa ikiwa mwenye nyumba ni mzee anayeumwa mgongo au mtu anayerudi kutoka kazini usiku. Chumba kimoja cha kupanga ambacho kitanda, meza, mitungi ya maji na masanduku vimejaza nafasi yote hakinufaiki, kwa kuwa mashine itatumia muda mwingi kugonga miguu ya viti kuliko kufagia. Uwanja wa udongo haufai kabisa. Vumbi letu jekundu ni laini na jingi, huziba kichujio upesi, na mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya makombo ya mkate juu ya zulia haidumu ikikutana nalo kila siku.

Ikiwa una mfanyakazi wa ndani, mweleze kabla mashine haijafika kwamba inakuja, itafanya nini, na kazi yake yeye itabaki kuwa ipi. Mtu anayehofia kufukuzwa kwa sababu ya mashine hataitunza, na hana sababu ya kuitunza. Roboti ya kufagia haifui, haipiki matoke, haimwogeshi mtoto na wala haijui kwamba mgeni amefika getini. Nyumba iliyodhani imepata mbadala wa mtu hugundua kwamba imepata kifaa kingine kinachohitaji mtu wa kukiangalia.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

Soma kibandiko cha chaja kabla ya kulipa. Umeme wetu ni volti 240 na hezi 50, wakati ule wa Marekani ni volti 120. Chaja iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi bila shida, na utahitaji tu adapta ya pini tatu bapa inayoingia vizuri kwenye soketi zetu bila kulegea. Chaja iliyoandikwa 120V peke yake ikichomekwa ukutani huungua, na wakati mwingine huunguza na kilichounganishwa nayo. Jambo hili huwapata zaidi wanaoletewa vitu na jamaa, kwa kuwa aliyenunua Chicago hakuwa na sababu ya kulifikiria.

Swali la pili ni kama roboti inaweza kufanya kazi bila intaneti. Baadhi hufanya kazi za msingi kwa kubonyeza kitufe, na intaneti huongeza tu ratiba na ramani. Nyingine hutegemea kabisa seva, yaani kompyuta za mbali, za kampuni iliyoziunda, na kampuni ikifa nazo hufa. Mwezi Desemba 2024 kampuni ya Marekani iitwayo Embodied, iliyokuwa ikiuza roboti ya watoto kwa jina la Moxie kwa bei ya karibu dola 800, ilitangaza kwamba inafunga kwa kukosa fedha na kwamba roboti hizo huenda zikaacha kufanya kazi, jambo lililowalazimu wazazi kutafuta maneno ya kuwaeleza watoto kwa nini rafiki yao wa mezani ananyamaza. Kabla yake, mwaka 2019, wenye roboti nyingine ya mezani iitwayo Jibo walikuwa wamepata taarifa ya namna hiyo hiyo. Mtu anayenunua kwa fedha za Uganda, ambaye hata akitaka kulalamika hana ofisi ya kampuni ya kuendea, ana sababu zaidi ya kuchagua mashine inayojitegemea.

Uliza pia kuhusu betri na brashi za akiba. Ikiwa muuzaji wa Kampala hawezi kukuonyesha betri ya akiba ya aina hiyo, jihesabu kama mtu anayenunua kitu cha miaka michache tu. Kwa roboti iliyokwisha kutumika, hakikisha mbele ya muuzaji kwamba akaunti ya mmiliki wa kwanza imeondolewa na kwamba mashine imerudishwa katika hali ya kiwandani, la sivyo mtu usiyemjua anaweza kuendelea kuiona ramani ya nyumba yako kwenye simu yake. Ikiwa roboti ina kamera, hatari hiyo ni kubwa zaidi ya ramani.

Umeme na betri

Karibu roboti zote za nyumbani hutumia betri za lithiamu. Betri hizi hubeba nguvu nyingi katika umbo dogo, na ndani yake kuna kimiminika kinachoweza kuwaka. Zikipigwa, zikitobolewa, zikichajiwa kupita kiasi au zikipata joto kali, seli moja inaweza kuanza kujichemsha yenyewe, joto lake likaiwasha seli ya pili, na moto ukaenea kwa sekunde chache huku ukitoa moshi wenye sumu. Tukio la namna hiyo si la kila siku, lakini likitokea usiku katika nyumba yenye madirisha ya vyuma na mlango mmoja, nafasi ya kukosea ni ndogo.

Kwa sababu hiyo kituo cha kuchajia kiwekwe sakafuni mahali pagumu, mbali na pazia, godoro, mkeka na mtungi wa gesi, na kisiwe kwenye njia ya pekee ya kutokea nje. Chumba chenye paa la mabati lisilo na dari hupata joto kali mchana, hivyo ni vizuri kuchaji asubuhi au jioni. Usitumie chaja ya kubahatisha iliyonunuliwa kwa sababu tu kichwa chake kinaingia, kwani chaja sahihi hulingana na betri kwa volti na kwa namna ya kukata umeme betri inapojaa. Ukiona betri imevimba, mfuniko umeinuka au kuna harufu tamu ya ajabu kama ya rangi ya kucha, acha kuichaji na itoe nje ya nyumba, ukiiweka juu ya zege mbali na vitu vinavyoshika moto.

Umeme unaporudi baada ya kukatika mara nyingi huja na mshtuko wa volti, na mshtuko huo ndio huua chaja nyingi. Kifaa cha kuzuia mshtuko, au stabilaiza kama ile inayolinda friji, ni gharama ndogo ukilinganisha na mashine yenyewe. Kama huna, chomoa chaja mara umeme unapokatika na uirudishe dakika kadhaa baada ya taa kutulia. Ipo hatari nyingine ambayo watu wachache huifikiria: roboti yenye betri iliyojaa haijui kwamba umeme umekatika. Ratiba yake ikifika saa mbili usiku itaondoka kituoni na kuanza kazi gizani, wakati familia imeweka mshumaa juu ya kigoda kifupi na watoto wamekaa mkekani. Ondoa ratiba za usiku. Roboti ya kufagia ianze kazi pale tu mtu mzima aliye macho anapoianzisha.

Moto ukishaanza kwenye betri, usijaribu kuishika mashine. Toa watu, funga mlango wa chumba hicho ukiweza, kata umeme kwenye swichi kuu ikiwa iko njiani, kisha piga 999 au 112.

Kuandaa sakafu

Siku ya kwanza piga magoti na uitazame nyumba kutoka kimo cha mashine, yaani karibu sentimita kumi kutoka sakafuni. Kutoka hapo utaona vitu ambavyo mtu aliyesimama havioni: waya wa chaja ya simu ulioning'inia kando ya kochi, pindo la chandarua, kamba za viatu, soksi ya mtoto, sarafu, sindano ya kushonea, punje za mahindi alizomwaga mtoto. Waya ukizungukwa na brashi huvutwa pamoja na kilicho juu yake, na ikiwa kilicho juu yake ni pasi au birika la umeme, anayeketi karibu ndiye hupata hasara. Chandarua kikunjwe na kutiwa chini ya godoro kabla ya kuianzisha mashine chumbani, kwa sababu nyuzi zake hujisokota kwenye ekseli ya brashi hadi mota ipate joto, na tundu linalobaki ni mlango wa mbu.

Majivu na makaa ndiyo hatari ambayo vitabu vya maelekezo vya kigeni haviipi uzito unaostahili. Sigiri ikishatumika hudondosha vipande vidogo vya makaa ambavyo kwa nje vimekuwa vyeusi lakini ndani bado vinawaka. Roboti ikivifyonza, vinaingia kwenye kisanduku cha plastiki kilichojaa nywele, nyuzi na vumbi kavu, sentimita chache kutoka kwenye betri ya lithiamu, huku feni ikivipulizia hewa. Jiko la mkaa lisiwe katika eneo ambalo mashine inafika, na majivu yazolewe kwa mkono hata kama yanaonekana yamepoa tangu jana.

Chini ya mashine kuna vihisi vinavyopiga mwanga usioonekana kwa macho na kupima unavyorudi, ili isianguke kwenye ngazi. Sakafu nyeusi sana au zulia jeusi humeza mwanga huo, na mashine hudhani imefika kwenye shimo ikakataa kusonga. Vihisi hivyo hivyo vikifunikwa na vumbi haviaminiki, kwa hiyo vipanguse kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, na usitegemee vihisi peke yake karibu na ngazi au baraza iliyoinuka: weka ubao. Roboti zenye leza ya kupima umbali huchora ramani nzuri ya kuta, lakini hazioni kioo vizuri, na kwa kawaida haziwezi kutofautisha kinyesi cha kuku na kipande cha udongo. Kuhusu kuku, usipofunga mlango wa nyuma mashine inapofagia, matokeo utayaona sakafuni kwa mistari iliyonyooka.

Usiruhusu mashine ifanye kazi chumba kimoja na mtu aliyelala sakafuni. Mwaka 2015 huko Changwon, Korea Kusini, mwanamke aliyekuwa amejilaza sakafuni alivutwa nywele na roboti yake ya kufagia, ikabidi wazimamoto waitwe kuja kumtoa. Sisi ambao hulala mkekani adhuhuri, na ambao wengi tuna rasta au nywele za kusukia zinazofika mabegani, hatupaswi kulichukulia tukio hilo kama kichekesho cha mbali. Mtoto anayetambaa naye asibaki peke yake na mashine inayotembea hata kwa muda wa kuchukua maji jikoni.

Kujifunza kuizima

Kila mtu wa nyumbani anayeweza kutembea na kuelewa maneno afundishwe jambo moja kabla ya mengine yote: kitufe kiko wapi na kinabonyezwaje. Fanya hivyo kwa vitendo. Iwashe mashine, mwache mtoto aisimamishe, iwashe tena, mwache bibi aisimamishe, kisha mfanyakazi wa ndani. Roboti nyingi ndogo husimama zikiinuliwa kutoka sakafuni, kwa sababu magurudumu yake huning'inia na swichi iliyo juu yake hukata mota, lakini usidhani hivyo, jaribu. Zile zinazopokea amri kwa sauti hazisikii vizuri palipo na redio na mvua ya kwenye mabati, na nyingi hazikufundishwa Kiganda, Kinyankole wala Kiacholi, kwa hiyo amri ya sauti isihesabiwe kuwa njia ya kuizima wakati wa dharura.

Watoto wanahitaji somo la ziada, nalo ni kwamba mashine haina subira wala hasira. Mwezi Julai 2022, katika mashindano ya sataranji mjini Moscow, roboti iliyokuwa ikicheza na mtoto wa miaka saba ilimbana kidole na kukivunja, baada ya mtoto kuharakisha kusogeza kete yake kabla mashine haijamaliza zamu. Mkono ule ulikuwa ukishika kitu kilichokuwa mahali ulipotarajia kukuta kete. Mweleze mtoto hivyo hivyo, kwa maneno rahisi: mashine haijui kwamba hiki ni kidole. Mtoto aliyeambiwa tu kwamba roboti ni rafiki yake hatajua kwa nini anapaswa kukaa mbali nayo inapotembea.

Macho na masikio ndani ya nyumba

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie zaidi, kwa sababu hatari hii haitoi moshi wala sauti. Roboti yenye kamera au maikrofoni ni mgeni anayeingia chumbani bila kubisha hodi, na habari anazokusanya huenda zikahifadhiwa katika seva zilizo nje ya nchi. Hata ile isiyo na kamera huchora ramani inayoonyesha una vyumba vingapi, vina ukubwa gani, na nyumba hufagiliwa saa ngapi, jambo ambalo kwa mtu mwenye nia mbaya linamaanisha saa ambazo hakuna mtu.

Mifano ya kweli ipo. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review lilieleza jinsi picha zilizopigwa na roboti za majaribio za kampuni ya iRobot, mojawapo ikimwonyesha mwanamke akiwa chooni, zilivyovuja kwenye makundi ya mtandaoni baada ya kupita mikononi mwa vibarua waliolipwa kuzitambua na kuziwekea alama. Kampuni ilisema kwamba mashine hizo hazikuwa za kuuzwa madukani na kwamba waliokuwa nazo walikubali kurekodiwa. Hata hivyo somo linabaki, kwa maana wengi wanaokubali masharti marefu kwenye simu hawajui kwamba nyuma ya mashine kuna watu wanaotazama. Mwaka 2024, katika miji kadhaa ya Marekani, wadukuzi waliingia kwenye roboti za kufagia za kampuni ya Ecovacs, wakaziendesha kutoka mbali na kuwatukana wenye nyumba kupitia spika. Maelezo ya kampuni yalielekeza kidole kwenye nywila zilizokwisha kuvuja kwingine na kutumiwa tena.

Nywila ya roboti, basi, isiwe ile ya barua pepe wala namba ya siri ya simu unayotumia kutuma pesa. Badilisha ile iliyotoka kiwandani, washa uthibitisho wa hatua mbili (unaodai namba ya pili mbali na nywila) ikiwa programu inauruhusu, na usasishe programu ya mashine unapotakiwa, hata kama kusasisha kutakula bando. Ruta nyingi, yaani visanduku vinavyogawa waifai, zina uwezo wa kuunda mtandao wa pili wa wageni. Iweke roboti huko, ili aliyeingia kupitia roboti asifikie kompyuta yenye hesabu za duka lako. Ukihangaika kuiunganisha na waifai, angalia kama ruta inatumia masafa ya gigahezi 2.4, kwa sababu roboti nyingi za kufagia hazishiki yale ya gigahezi 5. Kwenye simu yenyewe pitia ruhusa moja baada ya nyingine. Programu ya kufagia haina sababu ya kusoma majina kwenye simu yako, na ikisisitiza, hiyo ni sababu tosha ya kurudisha bidhaa dukani. Kamera isipotumika izibe kwa plasta, mradi mashine haitegemei kamera hiyo kupata njia.

Jambo hili si la busara peke yake, ni la sheria pia. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda inalinda faragha ya mtu na nyumba yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu kupata ridhaa yao na kuwaeleza zitatumika kwa kazi gani. Taarifa za watoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Zahanati, shule au hoteli inayoweka roboti yenye kamera ya kupokea wageni inapaswa kujiandikisha na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi na kubandika tangazo mahali panapoonekana, katika lugha ambayo wateja wake wanaisoma. Nyumbani, angalau mwambie mfanyakazi wa ndani na mpangaji mwenzako kwamba mashine ina kamera, na kamwe usiiruhusu ifike chumba chake cha kulala wala bafuni. Kumchunguza mtu kwa siri kupitia chombo cha kufagia ni kumdhalilisha, hata kama wewe ndiye unayemlipa.

Wazee na wagonjwa

Roboti inayomkumbusha mzee kunywa dawa, au ile iitwayo PARO iliyobuniwa Japani kwa umbo la sili (mnyama wa baharini) mwenye manyoya kwa ajili ya kuwatuliza watu wenye matatizo ya kumbukumbu, inaweza kuwa msaada wa kweli. Lakini kikumbusho kinachosema ni saa ya dawa hakijui kama dawa imemezwa au imetupwa dirishani. Ukimpelekea baba kifaa cha namna hiyo kijijini, mteue mtu wa karibu atakayeangalia pakiti ya vidonge mwisho wa wiki, na uendelee kumpigia simu baba mwenyewe. Ushauri wa kubadilisha dozi usikubaliwe kutoka kwa mashine yoyote inayozungumza, hata ikisema kwa sauti ya upole na ya uhakika. Uhakika wa sauti yake umetengenezwa na hauna uhusiano na ukweli wa inachosema. Dozi hubadilishwa na mhudumu wa afya aliyemwona mgonjwa.

Karakana na kiwanda

Mkono wa roboti wa kiwandani ni chombo cha aina nyingine kabisa. Una nguvu za kubeba kilo makumi au mamia, huenda kwa kasi, na unapokaa kimya huenda unasubiri ishara tu. Mwezi Januari 1979, katika kiwanda cha Ford huko Flat Rock, jimbo la Michigan, mfanyakazi aliyepanda kwenye rafu kuchukua vipuri aligongwa na mkono wa mashine na kufariki, na anatajwa kuwa mtu wa kwanza kuuawa na roboti. Kosa lililomwua lingali linafanyika hadi leo katika viwanda vya nchi nyingi: mtu aliingia katika eneo la mashine ikiwa na umeme.

Kwa hiyo zungushia uzio eneo lote ambalo mkono unafika ukinyooshwa kabisa, na mlango wa uzio uwe na swichi inayokata umeme unapofunguliwa. Usikubali fundi aifunge swichi hiyo kwa waya ili kazi iende haraka. Anayeingia kutengeneza azime kwenye swichi kuu, aifunge kwa kufuli lake mwenyewe na atembee na ufunguo mfukoni, ili asitokee mwenzake wa zamu nyingine akawasha bila kujua. Kitufe chekundu cha dharura kijaribiwe kila mwanzo wa wiki, na matokeo yaandikwe katika daftari. Mashine zilizokwisha kutumika ambazo huletwa kwa makontena mara nyingi hufika bila uzio, bila vitabu, na wakati mwingine na vihisi vilivyong'olewa. Bei yake rahisi ihesabiwe pamoja na gharama ya kurudisha vyote hivyo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamweka mwajiri kuwa mwenye wajibu wa mahali salama pa kazi, mafunzo na vifaa vya kujikinga. Mwajiri hawezi kujitetea kwamba mashine ilijiendesha yenyewe. Na kabla ya kuwapunguza wafanyakazi kwa sababu mkono mmoja wa chuma umefika, hesabu ni nani atakayeutengeneza ukikwama, kwani mara nyingi mtu anayejua bidhaa kwa macho na vidole ndiye anayefaa kufundishwa kuuendesha.

Ndege zisizo na rubani zina mlango wake: usirushe, hata kwa kunyunyizia dawa shamba lako mwenyewe, kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, na anza kuulizia kibali kabla ya kununua.

Kuiuza au kuitupa

Roboti iliyokuchosha au iliyokufa bado ina kumbukumbu. Futa ramani na picha kwenye programu, ondoa akaunti yako, kisha irudishe mashine katika hali ya kiwandani kwa kubonyeza vitufe vilivyoelekezwa kwenye kitabu chake, na baada ya hapo ndipo uifute programu kwenye simu. Ukianza na kuifuta programu, ramani inabaki kwenye seva. Betri itolewe na kufunikwa ncha zake kwa plasta ili zisigusane na chuma, na isitiwe kwenye gunia la takataka, ambamo itapondwa na lori, wala kuchomwa pamoja na majani nyuma ya nyumba. Mpelekee fundi wa kuaminika wa vifaa vya elektroniki au wakusanyaji wa taka za elektroniki walio na leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, na umwambie aliyeipokea kama imewahi kuvimba au kupigwa.